Ramani ya Majivu

Ulituma vipimo Jumanne, kwa sentimita,
na picha tatu, na maneno mawili:
Baba, tumepata.

Mimi vipimo sivisomi kwa macho, navisoma kwa miguu.
Nikatoa tepu yangu, ile iliyokatika mwanzo
(naanzia mbili, natoa mbili),
kamba, vigingi,
na debe la majivu kutoka jikoni kwa mama yako.

Nikaijenga nyumba yako ya Oulu hapa uani, Hombolo,
kati ya banda la mbuzi na ule mzabibu uliogoma kuzaa.
Mistari ya kijivu juu ya udongo mwekundu:
sebule, jiko, vyumba vitatu,
na kijichumba cha kukaa ndani ya mvuke.
Mvuke? akauliza mama yako.
Nikamwambia, huko joto linanunuliwa.
Akalitazama jua la saa nane mchana, la Oktoba,
kama mtu aliyeambiwa bei ya ng'ombe wake
akiwa ameshamgawa bure.

Kuta za mbao, ulisema. Mbao, Amosi!
Miaka arobaini nachoma tofali.
Nimejenga za watumishi Kisasa, nimejenga Iyumbu,
na ghorofa ya mtu nisiyemtaja
ambaye hadi leo salio langu liko mfukoni mwake.
Hakuna hata moja niliyolala ndani,
ila usiku ule wa kulinda saruji.
Nawe umenunua nyumba ambayo hukuona msingi wake.
Nani aliumwaga? Kokoto za mto gani?
Ukajibu: Baba, ina karatasi.
Riitta alisoma kurasa arobaini, wewe ukatia sahihi,
deni la miaka ishirini na mitano.
Nimehesabu kwa vidole, nikarudia kwa mahindi.
Siku litakapokwisha, wa kuambiwa hongera
sitakuwa mimi.

Hapa kiwanja cha babu yako hakina karatasi.
Kina kaburi lake, na ua wa minyaa,
na Masima, jirani, anayeusogeza kila masika.
Labda karatasi ni bora.
Sijui. Nasema tu.

Siku ya pili watoto wa Masima wakaanza kupiga hodi.
Wakaingia pale nilipoacha pengo la mlango,
hakuna aliyeruka mstari.
Mbuzi ndio waliopita ukutani,
na upepo wa Dodoma, ambao haukuvua viatu.
Jioni tukala ugali wa mtama na mlenda
sebuleni kwako, tukiwa tumeelekea dirishani.
Dirisha lako linatazama choo cha Masima.
Lenu huko, nadhani, linatazama miti.

Ndipo mama yako, tonge mkononi, akauliza:
Na sisi, chumba chetu ni kipi?

Nikavaa miwani. Nikafungua picha ya tatu.
Kwenye kona umeandika kwa mkono wako,
ule mwandiko niliokuchapa ili unyooke:
chumba cha wageni.

Akanyamaza. Akakunja kidole kimoja, akakunja cha pili.
Siku ya tatu watatupa jembe gani?
Nikamwambia, koleo. La kusukumia theluji.
Akacheka, Amosi, akacheka
mpaka mlenda ukadondoka kwenye zulia lenu.

Sasa ni wiki ya pili.
Kila alfajiri anafagia uani; fagio likifika kwenye majivu
linanyanyuka, linatua ng'ambo.
Kile chumba cha pembeni anakifagia mara mbili.
Jana nilikuta kigoda chake humo.

Jambo moja nisilisahau:
pembe ya kusini, karibu na jiko, haifungi.
Imetoka nje kwa sentimita nne.
Nimepima mara tatu, na mara ya nne gizani kwa tochi.
Inaweza kuwa ni tepu yangu.
Lakini kapime.